Miaka sita na Contax T2: tunalipia gurudumu, si titani

#1 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila nikiitoa hii kamera mfukoni lazima mtu aniulize, "Hiyo ndiyo ile ya bei mbaya? Ina nini hasa?" Huwa najibu kifupi maana muulizaji anataka jibu la kusimama. Leo nimekaa, acha nijibu kirefu. Mwenye haraka apite tu.

Ninayo Contax T2, kamera ndogo ya filamu, huu mwaka wa sita. Niliinunua mkononi mwa mtu, na isingeweza kuwa vingine. Ilitoka mwaka 1990, na Kyocera walioitengeneza waliachana na Contax mwaka 2005. T2 zote zinazozunguka leo zimeshachakazwa kidogo na mtu fulani. Mwili ni titani, kitufe cha kupigia ni yakuti ya kiwandani, bamba linalokandamiza filamu kwa nyuma ni kauri. Uzito gramu 295. Ukiishika unajua umeshika kitu.

Na hapo ndipo nilipopotea. Mwaka wa kwanza niliipenda kama mtu anavyopenda saa ya mkononi. Naifuta, naivisha kifuko, naitoa mbele za watu. Gurudumu la tundu la lenzi (linalopima mwanga unaoingia) niliacha pale pale penye 2.8, ambapo kamera inajiamulia yenyewe kila kitu, na fokasi niliiachia yenyewe vilevile. Mikanda ikawa inarudi kutoka kusafishwa, nazipanga negativu mezani, nakuta picha zangu hazina tofauti na za kamera ya plastiki niliyokuwa nayo kabla. Nisiwadanganye, zilikuwa mbaya zaidi. Ile ya plastiki ilikuwa ikikosea picha mbili tatu kwa mkanda wa 36. T2 ilikuwa ikikosea kumi.

Nikaanza kusema lenzi imeharibika, muuzaji kaniingiza mjini. Kumbe aliyeharibika ni mimi.

Kosa la kwanza lilikuwa fokasi. T2 inapima umbali katikati ya picha, basi. Ukipiga watu wawili waliosimama bega kwa bega, katikati yao kuna nafasi, na nyuma ya nafasi kuna ukuta. Kamera inaupima ukuta. Unapata ukuta mkali kama wembe na marafiki wawili wa moshi. Dawa yake kila mtu anaijua na hakuna anayeifanya: elekeza katikati kwenye uso wa mmoja, bonyeza kitufe nusu, shikilia hapo hapo, rudisha fremu unapotaka, ndipo umalizie kubonyeza.

Halafu kuna kioo. T2 inatupa mwanga wa infraredi usioonekana na kusoma unavyorudi. Ukiwa ndani ya basi unapiga milima iliyoko nje, mwanga ule unaweza kurudishwa na kioo cha dirisha, kamera ikaamini kwamba mlima upo nusu hatua kutoka puani mwako. Nilipoteza nusu mkanda wa safari moja kwa namna hiyo. Na kwenye kamera yenyewe, juu kabisa, kuna gurudumu lenye alama ya mbali kabisa, ile nane iliyolala. Mshiko mmoja tu na tatizo limekwisha. Nilikuwa nayo miezi minane sijawahi kuligusa.

Kosa la pili ndilo lililoniuma, maana nililifanya kwa kujidai. Nilisoma kwamba lenzi ya Sonnar ya 38mm ikiwa wazi inafuta mandhari ya nyuma vizuri, nikaweka f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), nikatoka juani saa saba mchana na filamu ya ISO 400, yaani inayonasa mwanga haraka. Shata ya T2, kile kipazia kinachofungua mwanga uingie, mwisho wake ni 1/500 ya sekunde. Piga hesabu ya kawaida ya jua kali: kwa ISO 400 unahitaji f/16 kwa kasi ya 1/400 hivi. Ukifungua hadi f/4, kasi inayotakiwa ni zaidi ya 1/6000. Kamera haina hiyo kasi. Ndani ya kidirisha cha kuchungulia kulikuwa na taa inapepesa kunionya, na mimi nikadhani inanisalimia. Negativu zilirudi nyeusi tii. Bahati ni kwamba filamu ya negativu ya rangi inavumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua, kwa hiyo baadhi ziliokolewa kwenye skana. Ingekuwa slaidi (filamu inayotoa picha yenyewe, si negativu), ningekuwa na vipande 36 vya plastiki isiyo na kitu.

Sasa basi, baada ya hayo ndipo nilipokaa na kamera bila mkanda, nikaanza kuzungusha kila kinachozunguka. Nikagundua kitu ambacho matangazo ya hizi kamera hayasemi. Nilicholipia ni magurudumu mawili. Moja la tundu la lenzi, moja la umbali. Ukiyaacha penye kujiendesha, umenunua kamera ya plastiki iliyovaa suti.

Siku hizi mchana, jua lisipokuwa kali, natembea hivi: f/8, umbali nimeuweka mwenyewe karibu na mita 3, ISO 400. Kwa lenzi ya 38mm hapo unapata ukali kuanzia mita 2 hivi hadi karibu 6. Sibonyezi nusu, sisubiri injini itafute, sihofii kioo wala ukuta. Mtu akicheka, napiga wakati anacheka, si baada ya kucheka. Jioni nikiingia ndani narudi kwenye 2.8 na fokasi yake, kwa sababu kwa f/2.8, mtu akiwa mita moja mbele yako, ukanda ulio mkali ni kama sentimita 12 tu, na macho yangu hayakadirii hivyo.

Kwa hiyo anayeniuliza ina nini, jibu ni hilo. Karibuni, hasa wenye kamera tofauti na hii.

#2

Nimekaa paleee na kiti changu.

Ila swali la kizushi mkuu: nina T2 ya kuazima, nimetia filamu nyeusi na nyeupe niliyogawiwa, imefungwa kwa mkono kwenye kikopo kisicho na maandishi. Naambiwa ni ISO 400. Kamera nitaiambia wapi kwamba ni 400? Nimetafuta kitufe nimechoka.

#3

Mkuu, uzi mzuri ila kuna mahali umetuonea sisi wa plastiki.

Natumia Olympus mju-II tangu nikiwa mwanafunzi. Gramu 135. Lenzi 35mm f/2.8, na inapiga kwa karibu hadi sentimita 35, wakati hiyo titani yako inakomea sentimita 70. Yaani mtu akikaa ng'ambo ya meza ndogo wewe unarudi nyuma na kiti, mimi napiga nimekaa. Mvua ikinyunya mimi naendelea, nyie mnatafuta kifuko. Nimewahi kuchanganya picha za kamera hizi mbili, zimepigwa kwa mkanda wa aina moja na kusafishwa sehemu moja, nikamwomba rafiki anayejiita mtaalamu azitenganishe. Alibahatisha. Alipata nusu, kiwango cha kurusha sarafu.

Na tuambizane kweli: bei ya T2 haikupandishwa na Sonnar. Mwaka 2017 mwanamitindo wa Marekani Kendall Jenner aliitoa kwenye kipindi cha televisheni cha Jimmy Fallon, na baada ya hapo kila mtu akaitaka. Lenzi ilikuwa ile ile ya mwaka 1990.

#4 (mwanzisha uzi)

#2, hutakiona hicho kitufe kwa sababu hakipo. T2 inasoma ile michoro ya vijiraba vyeusi na vya fedha ubavuni mwa kikopo, inaitwa DX. Kikopo kisicho na michoro inakichukulia kuwa ISO 100. Wewe una 400, kwa hiyo kila picha itapewa mwanga mara nne ya unaotakiwa. Una njia mbili. Shusha kwenye gurudumu la kurekebisha mwanga hadi -2 na uliache hapo mkanda mzima. Au bandika stika ya DX ya ISO 400 kwenye kikopo hicho, watu wanafanya hivyo na inakubali. Kama mkanda umeshafika katikati, usibadilishe kitu. Malizia, halafu mwambie anayesafisha kwamba umepiga kwa 100, apunguze muda kwenye dawa.

#3, sina ugomvi na mju-II, na hilo la jaribio nakuamini, hata mimi ningebahatisha. Kwenye f/8 juani lenzi nyingi nzuri zinafanana. Lakini nijibu hili: ukifunga kile kifuniko cha kuteleza na kukifungua tena, flashi inakuwa wapi?

#5 (yule wa #3)

Mkuu umenigusa kidonda. Inarudi kwenye kujiendesha. Kila ukifungua. Unaizima, unapiga, unafunga, unafungua, inakulipukia usoni mwa mtu aliyelala.

Kidole changu cha gumba kimeshazoea kubonyeza mara mbili kabla sijafikiri. Nimekubali, hapo plastiki imenishinda.

#6

Mimi natengeneza kamera, ndiyo kazi inayonilisha, kwa hiyo nawasoma nikiwa upande wa pili wa meza.

Watu wananiletea hizi kamera za kifahari wakiamini titani inazifanya zisife. Titani ni ganda. Ndani kuna injini ndogo, gia za plastiki, na tepe nyembamba za umeme zinazojikunja kila lenzi inapotoka na kuingia. Tepe ikijikunja mara elfu kadhaa inakatika. Leica Minilux ya mwaka 1995 ina ugonjwa wake maarufu, kioo kinaandika E02, na chanzo mara nyingi ni huo utepe wa lenzi. Ricoh GR1 namba kwenye kioo zinafifia hadi zinapotea. Hakuna kiwanda kinachotoa vipuri vya T2. Nikitengeneza moja, ujue kuna nyingine iliyokufa nimeichinja.

Wanaotaka kununua, fanyeni hivi kabla hamjatoa hela. Fungua mgongo bila mkanda, elekeza lenzi kwenye taa, piga huku unachungulia kwa nyuma. Lazima uone mwanga ukipita kila mara, si mara moja moja. Iwashe na kuizima mara ishirini, sikiliza. Sauti ya lenzi kutoka iwe ile ile kila mara. Ikianza kusuasua, rudisha. Mulika tochi kupitia lenzi, tafuta utando wa ukungu unaofanana na nywele za buibui. Flashi ilipuke. Halafu mwombe muuzaji negativu zilizopigwa na kamera hiyo hiyo, siyo picha za kwenye simu. Negativu zinaonyesha kama fremu zinakaliana, na kama kuna mwanga unavuja mlangoni.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa ukali. Usiifungue mwenyewe kwa kuangalia video. Kapasita ya flashi inakaa na volti kama 300, na inaweza kubaki nazo hata betri ukiitoa. Nilishapigwa nikiwa na uzoefu wa miaka. Mkono uliruka, bisibisi sijaiona hadi leo.

#7

Fundi heshima yako.

Mimi ni wa GR1, na ndiyo, namba za kioo changu zimebaki nusu. Ya tisa na ya nne naona zinafanana. Ila sijawahi kuhitaji kujua nimebakiza ngapi, kwa sababu hii kamera ina tabia moja tamu. Ukitia mkanda inauvuta wote nje kwanza, halafu kila ukipiga inarudisha fremu moja ndani ya kikopo. Siku mgongo ukifunguka kwa bahati mbaya, ulizokwisha kupiga zipo salama gizani, zinazoungua ni ambazo hujapiga. Ilinitokea, mtoto alifungua. Nilipoteza filamu tupu.

Mwanzisha uzi, nakuunga mkono kwenye gurudumu, ila nyie wa T2 mnakadiria mita 3 kwa macho. GR1 ina sehemu yake kabisa inayoitwa SNAP, fokasi inakaa kwenye mita 2 na haihangaiki. Lenzi ni 28mm, kwa hiyo ukanda mkali ni mpana kuliko wenu. Na swichi ya flashi ni ya kusukuma kwa kidole, ikizimwa imezimwa. #3 sikia hiyo.

28mm haisamehe lakini. Ukisimama mbali, mtu anakuwa sisimizi. Inabidi usogee, na kusogea kunataka moyo.

#8

Nimesoma yote na sasa nimechanganyikiwa zaidi. Sina kamera. Nimeweka akiba muda mrefu, nilikuwa naelekea T2 au T3. Baada ya maneno ya fundi naogopa. Kuna mpya kabisa za dukani siku hizi, sivyo? Na je, mtu akisafiri na mkanda kwa ndege?

#9 (mwanzisha uzi)

#8, mpya zipo. Pentax 17 ilitoka mwaka 2024, inapiga nusu fremu (picha mbili kwenye nafasi ya moja), kwa hiyo mkanda wa 36 unakupa picha 72, na umbali unachagua mwenyewe kwa alama za maeneo sita. Mkanda unauvuta kwa kidole. Mwaka huo huo ikatoka Rollei 35AF iliyotengenezwa na MiNT, fremu kamili, inapima umbali kwa leza. Sijamiliki hata moja, nisikuuzie nisichokila. Ninachoweza kusema ni kwamba zote mbili zina mtu wa kumpigia zikikwama. T2 haina.

T3 ni kamera bora kuliko yangu, nasema hivyo bila wivu (mdogo upo). Ilitoka mwaka 2001, ina gramu 230, inasogea hadi sentimita 35, shata inafika 1/1200, na unaweza kuiambia ikumbuke kwamba flashi hutaki. Lakini inatumia betri ya CR2, na magurudumu yake hayako wazi kama ya T2. Mimi kidole changu kinapenda kitu cha kuzungusha gizani bila kuangalia.

Akiba yako ikiwa ndiyo yote uliyo nayo, usiimalizie kwenye kamera. Utainunua, halafu utaogopa kuitoa nje, halafu utakosa hela ya mikanda. Niliona kamera yangu inaanza kufanya kazi siku nilipoiangusha kwenye ngazi. Ina bonde kwenye kona ya chini kushoto, dogo, kidole kinaingia vizuri. Tangu siku hiyo haijarudi kwenye kifuko.

Ndege: usiweke mkanda kwenye begi la kupakiwa, kamwe, mashine za huko ni kali. Weka mkononi kwenye mfuko unaoonekana ndani, omba wakague kwa mkono. Mashine mpya za CT (eksirei za kisasa) kwenye ukaguzi wa abiria ndizo Kodak na Ilford wote wameonya kwamba zinaharibu filamu ambayo haijasafishwa. Wakikataa kukagua kwa mkono, uliza kama kuna foleni yenye mashine ya zamani. Nimewahi kubembeleza dakika kumi kwa ajili ya mikanda minne.

#10

Kuongezea kwa #8: betri ya T2 ni CR123A, inatumika pia kwenye tochi na kengele za wezi, kwa hiyo haitapotea leo wala kesho. Beba ya ziada. Hizi kamera bila betri haziwezi kufungua hata shata, ni jiwe la kukandamizia karatasi.

#11 (yule wa #2)

Narudi na majibu. Mkanda ulikuwa umefika picha ya 11, nikafanya ulivyosema, nikauacha penye 100 na kumwambia aliyesafisha apunguze muda. Umetoka! Ukungu kidogo tu kwenye vivuli, nyuso zipo.

Ila picha tisa hazina ukali kabisa, na zote ni za watu wawili.

#12 (mwanzisha uzi)

Angalia ukuta uliokuwa nyuma yao. Uko vizuri?

#13 (yule wa #2)

Naona hadi msumari.